Mmea wa nyoka na ugonjwa wa chungu kikubwa

Jumamosi iliyopita mteja alishuka kwenye bajaji amekumbatia chungu ambacho kingetosha pilau la watu ishirini. Katikati yake umesimama mmea wa nyoka wenye majani manne, mawili yameshalala. "Dada, ulinipa mmea mgonjwa," akasema hata kabla ya salamu. Nikashika jani moja, likachomoka lenyewe. Chini lilikuwa laini kama ndizi iliyopitiliza kuiva, na harufu yake ya mtaro. Wiki sita nyuma mmea huohuo ulitoka kitaluni kwangu na majani saba, yote wima kama askari wa gwaride. Nikamuuliza alifanya nini. "Sikufanya kitu! Niliona kichungu chako kinaubana, nikauhamishia hiki ili ujinafasi."

Huyo ni wa tatu mwezi huu. Nimechoka kumweleza kila mtu kivyake, basi leo naandika.

"Chungu kikubwa, mmea mkubwa"

Wazo hili limetoka shambani, na huko lina mantiki: mgomba ukipewa nafasi unanawiri. Lakini chungu si shamba. Shambani maji yanayozidi huzama chini, chini kabisa, yakaondoka. Chunguni hayana pa kwenda zaidi ya yale yanayochuruzika tunduni. Yanayobaki kwenye udongo yanangoja mizizi iyanywe, au yakauke taratibu kwa juu.

Sasa tupige hesabu. Chungu cha upana wa sentimita 15 na kina cha sentimita 15 kinabeba udongo wa lita mbili na nusu na kidogo. Zidisha mara mbili upana na kina, iwe 30 kwa 30, na watu wengi watakuambia udongo nao umeongezeka mara mbili. Umeongezeka mara nane, kama lita 21. Mizizi ni ileile, imejikunja pale katikati kwenye bonge lake la zamani. Lita 18 zinazoizunguka ni tope lisilo na mnywaji. Udongo uliojaa maji hauna hewa, na mizizi inapumua kama wewe. Ikikosa hewa siku kadhaa inaanza kufa, kuvu wanaingia, kuoza kunapanda hadi kwenye tunguu, lile shina nene lililo chini ya udongo, na kutoka kwenye tunguu hadi kwenye kitako cha jani. Hapo ndipo unapokuja kwangu na bajaji.

Tena mmea huu si mnywaji. Mimea mingi hufungua vitundu vya majani yake mchana na kupoteza maji juani. Huu hufungua vyake usiku, jua likishazama, kwa hiyo haupotezi mengi. Na yale majani manene ni matangi. Unaweza kusafiri wiki tatu ukarudi ukaukuta vilevile, haujanuna wala haujakonda. Kiumbe wa namna hii kumzungushia lita 18 za tope ni kumkalisha mtoto wa miaka minne mbele ya sinia la wali wa harusi na kumwambia amalize peke yake.

Kinachoniudhi hasa ni hatua inayofuata. Mizizi iliyooza haipandishi maji, kwa hiyo majani hulegea na kukunjamana, sawasawa na ya mmea wenye kiu. Mwenye mmea anaona kiu. Anaongeza maji. Nimewahi kumwambia mama mmoja kwa simu asimwagilie, akaniitikia vizuri kabisa, na nikasikia jagi likigonga chungu.

Kipimo changu ni vidole viwili. Chungu kipya kikizidi cha zamani kwa sentimita 3 hadi 5 za upana, inatosha. Na kina kisizidi sana, maana tunguu la mmea huu hutambaa kwa mlalo, halichimbi kisima. Kama huna chungu cha kipimo hicho, uache ulipo. Kubanwa hakuusumbui, na mara nyingi ukishabanwa ndipo unapotoa maua.

Watu huniuliza, sasa niuhamishe lini? Mmea wenyewe utakuonyesha. Chungu cha plastiki kimevimba ubavu au kimepasuka, maana lile tunguu lina nguvu. Maotea, yaani watoto wanaochipua kwenye tunguu, yanachungulia kwenye matundu ya chini. Ukimwagilia, maji yanapita moja kwa moja kana kwamba hakuna udongo. Bila dalili hizo, hata ikiwa ni mwaka wa nne, kaa utulie. Na ukiuhamisha, chagua miezi ya joto. Hapa Dar es Salaam mimi napenda Septemba na Oktoba. Ndugu zangu wa Njombe na Arusha, Juni na Julai msiuguse, kwenye baridi hauoti mizizi mipya na jeraha linabaki wazi.

"Weka kokoto chini ili maji yashuke"

Hii hata wauza miche wenzangu wanaisema, tena kwa kujiamini. Chukua sponji mpya ya kuoshea vyombo, iloweshe, iweke bapa juu ya vidole vyako. Itachuruzika, kisha itaacha. Sasa isimamishe wima kwa upande wake mrefu. Inachuruzika tena! Maji hayakuongezeka. Kilichobadilika ni kimo cha sponji, na sehemu ya chini kabisa ndiyo inayobaki imelowa.

Udongo wa chunguni ni hivyohivyo. Tabaka la chini kabisa hubaki limejaa maji, na maji hayo hayarukii kwenye kokoto kirahisi, kwa sababu vitundu vidogo vya udongo huyashika kuliko nafasi kubwa za mawe. Ukijaza kokoto sentimita 5, umelipandisha tope sentimita 5 karibu na mizizi. Unachohitaji chini ni tundu. Kigae kimoja au kipande cha chandarua juu yake kinazuia udongo usitoke, na kokoto zako rudisha kwa fundi.

Dawa iko kwenye mchanganyiko wenyewe. Mimi hutumia fungu moja la udongo wa bustani, fungu moja la mchanga mnene wa mto, na fungu moja la vipande vya mkaa vya ukubwa wa punje za mahindi, pamoja na makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa. Ukifinyanga konzi ya mchanganyiko huo ukiwa na unyevu kidogo, unatakiwa kusambaratika ukifungua kiganja. Mchanga wa ufukweni hapana. Una chumvi, na nimeshaona watu wa Kigamboni wakijifanya hawajui. Udongo mweusi wa mfinyanzi nao hapana, hata kama bibi yako aliotesha mpunga humo.

"Ukishapanda, mwagilia sana ili mizizi ishike"

Mchicha, ndiyo. Huu, hapana. Ulipoutoa kwenye chungu cha zamani umeivunja mizizi, na pengine umelikata tunguu kutenga watoto. Majeraha hayo yanahitaji siku tano hadi saba za ukavu yafunge. Baada ya hapo mwagilia mpaka maji yatoke chini, mwaga yaliyobaki kwenye sahani, kisha usahau. Kabla ya kumwagilia tena chomeka kijiti cha mshikaki hadi chini kabisa. Kikitoka na udongo umeganda, rudisha jagi jikoni. Kijiti hicho kimeokoa mimea mingi kuliko mbolea yoyote niliyowahi kuuza, na mbolea nauza. Samadi mbichi siku ya kuhamisha ni kuunguza vidonda, kwa hiyo subiri mwezi au miwili.

"Unaanguka, kwa hiyo nifukie zaidi"

Ukifukia vitako vya majani unavikaribisha kwenye uozo uleule. Panda kwa kina kilekile cha zamani, tunguu lifunikwe kidogo tu. Mmea mrefu unaoyumba uwekee chungu kizito, cha udongo wa kuchoma au cha saruji, na uufunge kwenye kijiti kwa wiki chache.

Mengine, haraka haraka

Haumwiti nyoka. Jina limetokana na mabaka ya majani. Nyoka hujificha kwenye kichaka chochote kilichofunga uani, kiwe cha mmea huu au cha mchaichai, na kwenye chungu cha sebuleni hana analolitafuta.

Ukitoa ua, haufi. Lile fungu la majani lililotoa ua ndilo linaloacha kutoa majani mapya, lakini halinyauki kwa hilo, na maotea yanaendelea pembeni. Usiukate kwa hofu. Usiku ua hilo linanukia vizuri.

Ukikata jani la ule wenye kingo za njano ukaliotesha, utapata mmea wa kijani mtupu. Sijakuuzia feki. Ile njano iko kwenye tabaka la seli ambalo jani lililokatwa halilirithishi, kwa hiyo ukitaka watoto wenye njano, gawa tunguu wakati wa kuhamisha.

Na wanaobishana kama jina lake la kisayansi ni Sansevieria au Dracaena, wote wako sawa, la kwanza ni la zamani. Siku hizi unaitwa Dracaena trifasciata, baada ya wanasayansi kuuhamishia kwenye jenasi nyingine, yaani kundi jingine la mimea ya karibu. Asili yake ni Afrika Magharibi hadi Kongo, na ndugu zake wengi wa porini wako hapahapa kwetu, wazee walisokota kamba kwa nyuzi zao.

Yule mteja wa Jumamosi tuliokoa kipande cha tunguu chenye majani mawili. Nilikata hadi nikaona nyama nyeupe safi, nikaacha kivulini siku nne, nikakipanda kwenye kichungu cha upana wa sentimita 12. Kile kikubwa aliniuliza akifanyie nini. Amepanda ndimu.