Kisanduku cheusi kikipatikana, chanzo cha ajali kimeshajulikana?

Ndege ya abiria inapoanguka ikitua na watu wakafa, wengi huamini kwamba kisanduku cheusi kikishapatikana, chanzo kimejulikana. Ripoti ya uchunguzi ikichelewa, husema kuna jambo linafichwa.

Kinachoitwa kisanduku cheusi ni vinasa kumbukumbu vya ndege, na kwa kawaida ni viwili. Kimoja hunasa sauti za chumba cha marubani. Kingine huhifadhi mwendo, kimo, mwelekeo na nguvu za injini, kwa saa zisizopungua 25. Vinasa hivyo hueleza vizuri kilichotokea, lakini mara nyingi si kwa nini. Data ikionyesha ndege ilishuka kwa kasi mno karibu na uwanja, maswali ndiyo kwanza yanaanza. Upepo uligeuka ghafla? Kipima kimo kilikosea? Marubani walikuwa wamechoka? Hapo hupekuliwa mabaki, rekodi za matengenezo, taarifa za hali ya hewa na mazungumzo na waongoza ndege. Kazi hiyo yaweza kupita mwaka.

Anayetaka kuhakiki aisome ripoti yenyewe. Nyingi huwekwa mtandaoni. Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago wa 1944, unaohusu usafiri wa anga wa kimataifa, kinataka ripoti ya awali ndani ya siku 30, na ya mwisho ndani ya miezi 12 ikiwezekana. Ya awali kwa kawaida hueleza matukio bila kutaja chanzo, jambo ambalo vichwa vya habari hulisahau upesi.