Je, wajua kwa nini baadhi ya ndege wa Siberia hawaondoki Mida mwezi wa Juni?

Kila mwaka, kati ya mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei, kaskazi ikiwa imekwisha na mvua za masika zimeanza, vitwitwi, ndege wadogo wa topeni, waliotapakaa kwenye tope la Hori ya Mida, karibu na Watamu katika Kaunti ya Kilifi, huondoka kwa makundi kuelekea kaskazini ya mbali. Wanakwenda kutaga mayai katika kiangazi kifupi cha huko, na kwa hesabu ya kawaida hori ingebaki bila wageni hao hadi Agosti. Hata hivyo haibaki hivyo. Juni na Julai, kusi ikivuma na kipupwe kimeingia, maji yakipwa utawaona vitwitwi wa Siberia na wa Asia ya Kati wakidonoa topeni bila dalili yoyote ya kutaka kusafiri. Je, hawa ni wagonjwa, wamepotea njia, au wamehamia Pwani moja kwa moja?

Kwa kuwatazama tu kwa darubini, swali hili lingekuwa gumu kujibiwa, kwa sababu kitwitwi mmoja hafanani na mwingine kwa jina wala kwa umri, bali kwa rangi ya kijivu tu. Jibu limepatikana kwa kumshika ndege mkononi na kumvisha pete. Mida kazi hii hufanywa na shirika la A Rocha Kenya, lenye kituo chake Watamu, likishirikiana na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Wataalamu huchagua usiku wenye giza, maji yanapojaa na kuwalazimisha ndege kukusanyika sehemu chache zilizobaki kavu, kisha husimamisha nyavu za nyuzi nyembamba nyeusi ambazo ndege hawezi kuziona. Anayenaswa huondolewa taratibu na kutiwa ndani ya mfuko wa kitambaa hadi zamu yake ifike.

Kinachofuata huchukua dakika chache, lakini ndicho chenye thamani. Pete ya chuma chepesi, iliyochongwa namba isiyorudiwa pamoja na anwani, hufungwa mguuni kwa koleo maalumu. Kwa ndege wa topeni mara nyingi huwekwa juu ya kiungo cha mguu, ili matope na chumvi zisiile haraka. Bawa hupimwa kwa rula, mdomo hupimwa, na ndege huwekwa kwenye mizani. Kisha mpimaji hupuliza taratibu manyoya ya chini ya koo, nayo yanapotengana huonekana ngozi nyembamba, na chini yake mafuta ya rangi ya manjano kama yapo. Mwezi wa Aprili tofauti hapa ni kubwa: ndege mzima anayejiandaa kuondoka amejaa mafuta kiasi cha kuongeza hadi nusu ya uzito wake wa kawaida, ilhali mwingine wa aina ileile, aliyenaswa usiku huohuo, hana akiba yoyote.

Huyo asiye na akiba ndiye atakayeonekana Juni, na manyoya yake hueleza sababu. Tumchukue kitwitwi mwenye mdomo uliopinda kidogo kuelekea chini, ambaye wanasayansi humwita Calidris ferruginea. Uzito wake ni takribani gramu 60, na huzaliana kwenye tundra, yaani nyanda za baridi zisizo na miti, kaskazini mwa Siberia, hasa rasi ya Taimyr, zaidi ya kilomita 9,000 kutoka Mida kwa mstari ulionyooka. Wazazi humwacha kinda mapema: dume huondoka hata kabla mayai hayajaanguliwa, jike hufuata baadaye, na kinda aliyeanguliwa Julai husafiri mwisho, bila mkubwa yeyote wa kumwonyesha njia. Wakubwa huanza kufika Afrika Mashariki Agosti, nao watoto hufika Septemba na Oktoba. Ni safari ya kustaajabisha kwa kiumbe mwenye umri wa miezi miwili au mitatu.

Wakubwa wakishafika huku Pwani, hupukutisha manyoya yao makuu ya mabawa, moja baada ya jingine, na kuota mapya, hivi kwamba Aprili inapofika mabawa yao ni imara na miili yao imegeuka rangi ya kutu. Kinda hafanyi hivyo. Mengi ya manyoya makuu aliyoota kwenye tundra huwa angali nayo, yakiwa yamechakaa kwa safari ndefu, jua, chumvi na upepo, na mwili wake hubaki wa kijivu. Kwa hiyo anayemshika ndege wa Juni na kulikunjua bawa lake huweza kutambua, kwa manyoya yaliyochakaa au kwa mchanganyiko wa machakavu na mapya, kwamba mara nyingi huyu ni ndege wa mwaka mmoja. Namba ya pete huthibitisha: aliyevishwa akiwa kinda mwezi wa Novemba hunaswa tena Julai mahali palepale. Basi si mgonjwa, wala hajapotea. Ni kijana ambaye wakati wake haujafika.

Kwa nini asiende tu? Wataalamu wametaja sababu kadhaa, nami naona zinasaidiana kuliko kupingana. Mabawa yaliyochakaa hugharimu nguvu nyingi zaidi angani. Ujuzi wa kutafuta chakula haujakomaa, kwa hiyo ni vigumu kwa kijana kujaza mafuta ya safari ndani ya wiki chache za Machi na Aprili. Wapo pia watafiti waliosisitiza minyoo ya vimelea, ambayo ndege hula pamoja na konokono na kaa wadogo, na ambayo huwasumbua zaidi vijana wasio na kinga. Zaidi ya hayo, hata angefika Siberia, ndege wa mwaka mmoja angekuwa na nafasi ndogo ya kupata mwenza na eneo katika kiangazi cha wiki chache, akishindana na wakubwa wenye uzoefu. Faida ya safari ni ndogo na hatari yake ni kubwa. Kubaki mahali penye chakula, kupukutisha manyoya bila haraka na kuondoka mwaka unaofuata ni njia salama zaidi. Ndiyo maana Agosti, wakubwa wanaporudi na manyoya yaliyochoka, vijana waliobaki wanakuwa wameshaanza kuota mapya.

Idadi ya vijana hao haiwi sawa kila mwaka, na sababu yake iko mbali sana na Kilifi. Kwenye tundra kuna panya wanene wenye mkia mfupi waitwao lemingi, ambao idadi yao hupanda na kushuka kwa mzunguko wa miaka mitatu hivi. Wakiwa wengi, mbweha wa Aktiki hushiba lemingi na kuwaacha ndege walee makinda yao. Wakipungua ghafla, mbweha hugeukia viota, na mwaka huo vitwitwi karibu wote hurudi kusini bila watoto. Uhusiano huu ulijulikana kwa kulinganisha hesabu za lemingi na idadi ya ndege wachanga miongoni mwa waliotembelea nchi za mbali, ikiwemo Afrika Kusini. Kwa hiyo uhaba wa ndege wa Juni kwenye hori ya Pwani unaweza kuwa taarifa ya mambo yaliyotokea Siberia kiangazi kilichotangulia.

Kwa aina za ndege zenye umbo kubwa, kusubiri ni kurefu zaidi. Sululu, mwenye mdomo mrefu uliopinda kama mundu, hachukuliwi kuwa tayari kuzaa akiwa wa mwaka mmoja, na huweza kubaki kusini kwa kiangazi cha pili. Yupo pia yule mla kaa mweupe na mweusi, mwenye mdomo mnene mweusi, ambaye ni fahari ya Mida. Yeye haendi Siberia kabisa. Huzaliana kwenye pwani za Somalia, Bahari ya Shamu, Oman na Ghuba, ambako huchimba shimo refu mchangani na kutaga yai moja tu ndani yake. Wakubwa hurudi Pwani na mtoto wao, nao huendelea kumlisha kwa miezi, kwa maana kumkamata kaa na kumvunja ni kazi inayohitaji kujifunza. Wasiozaa, hasa vijana, huonekana Mida hata wenzao wanapokuwa kaskazini.

Haya yote yanabadilisha namna ya kuliangalia eneo lenyewe. Hori ya Mida ni sehemu ya Hifadhi ya Bahari ya Watamu, iliyotangazwa mwaka 1968, na wageni wengi huja kutazama ndege kati ya Oktoba na Aprili, makundi yanapokuwa makubwa. Ni rahisi kudhani kwamba miezi ya kusi haina maana kwa ndege wahamiaji, na kwamba kuwafukuza topeni wakati huo hakuna hasara. Kwa maoni yangu dhana hiyo ni ya hatari, kwa kuwa wale wachache wa Juni ndio watakaozaa miaka ijayo.

Kila pete ina faida tu ikisomwa. Mvuvi, mchimba chambo au mtoto wa shule akimkuta ndege aliyekufa mwenye pete, anachotakiwa kufanya ni kunakili namba yote na maandishi yaliyomo, kuandika tarehe na mahali, na kupeleka taarifa kwenye Makavazi ya Kitaifa jijini Nairobi, au kwa walinzi wa hifadhi iliyo karibu. Akiwa ndege hai mwenye bendera ndogo ya rangi mguuni, yaani kipande cha plastiki chenye herufi, picha ya simu inayoonyesha rangi, herufi na mguu uliobeba bendera hiyo, kulia au kushoto, yatosha.