Mji wa dakika 15: dakika za miguu, si za gari

Nimeona tena tangazo la nyumba likijisifu: "Dakika 15 tu kutoka shule, hospitali na soko. Karibu kwenye mji wa dakika 15!" Ukiyasoma maandishi madogo ya chini, unakuta dakika hizo ni za gari, tena gari ambalo halikukutana na foleni. Kwa hesabu hiyo karibu kila mji duniani umo. Tuelewane.

Mji wa dakika 15 ni ule ambao mkazi, akitoka mlangoni kwake kwa miguu au kwa baiskeli, anayafikia mahitaji yake ya kila siku ndani ya robo saa. Carlos Moreno, profesa mzaliwa wa Kolombia anayefanya kazi Paris, ndiye aliyelipa wazo hili jina mwaka 2016. Alitaja mambo sita yanayotakiwa kuwa karibu: makazi, kazi, manunuzi, matibabu, elimu na burudani. Anne Hidalgo, meya wa Paris wakati huo, akalibeba kwenye kampeni yake ya 2020, na hapo ndipo kila mtu akaanza kulitumia, na wengine kulitumia vibaya.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko jina. Mwaka 1929 Mmarekani Clarence Perry alichora mtaa wenye shule ya msingi katikati, umbali wa kutoka katikati hadi ukingoni ukiwa kama mita 400, na barabara kubwa zikipita pembeni ili mtoto asilazimike kuzivuka akienda shule. Maduka aliyaweka kwenye pembe za mtaa. Wengi waliojenga baada yake walizichukua zile barabara kubwa za pembeni, wakazipanua, wakasahau kwamba mtu atahitaji kuzivuka kwenda upande wa pili. Mtaa ukawa kisiwa. Melbourne, Australia, wao wanasema dakika 20, lakini wanahesabu kwenda na kurudi: mita 800 kwenda, mita 800 kurudi. Angalau wamesema wazi wanahesabu nini.

Sasa tufike kwenye kinachoniudhi hasa, maana wenye matangazo wana wenzao, tena wasomi. Mtu anachukua ramani, anaweka ncha ya bikari kwenye shule, anazungusha duara la kilomita moja na robo (mwendo wa kilomita 5 kwa saa kwa robo saa), kisha anatangaza kwamba wote waliomo ndani ya duara wako karibu. Ndege ndio wako karibu. Binadamu anafuata njia.

Chukua nyumba iliyopakana na ukuta wa shule. Kengele ikilia, mama anaisikia akiwa jikoni. Lakini makazi yao yamezungushiwa uzio wenye geti moja upande wa pili, na shule nayo ina geti moja linalotazama barabara kuu. Mtoto anazunguka kilomita moja na nusu kufika mahali ambapo angeweza kurusha mpira. Tatizo hilo halihitaji shule mpya. Linahitaji mlango wa upana wa mita moja kwenye ukuta, na mtu wa kuufungua asubuhi.

Au chukua barabara ya upana wa mita 20. Taa za kivuko mara nyingi hupangwa kwa mtu anayetembea mita 1.2 kwa sekunde, kwa hiyo sekunde 17 au 18 zinaonekana kutosha. Bibi anayetembea mita 0.8 kwa sekunde anahitaji 25. Zikimpa 18, taa inabadilika akiwa amebakiwa na mita tano na ushei, na magari yameanza kuunguruma. Akishafanyiwa hivyo mara mbili, haendi tena. Kwenye duara la bikari bibi huyu bado anahesabika kuwa karibu na zahanati.

Ndiyo maana kubadili barabara ni nusu nzima ya jambo hili: kuipunguza upana, kuweka kisiwa cha kusimama katikati, kupunguza mwendo wa magari. Paris iliweka kikomo cha kilomita 30 kwa saa kwenye barabara zake nyingi mwaka 2021, na mwaka mmoja kabla ilikuwa imeitoa sehemu kubwa ya barabara ya Rue de Rivoli kwa baiskeli. Ilianza pia kufungua baadhi ya viwanja vya shule siku za Jumamosi ili majirani wapate pa kupumzika, bila kujenga chochote kipya.

Kuna na wale wanaodai huu ni mpango wa kufungia watu mitaani mwao. Uvumi huo ulivuma sana kutokea Oxford, Uingereza. Kule baraza la kaunti, lenye mamlaka ya barabara, lilipitisha mwishoni mwa 2022 mpango wa kamera kwenye barabara sita ili kupunguza magari yanayokatiza. Baraza la jiji, ambalo ni chombo kingine, lilikuwa na mpango wake wa kusogeza huduma karibu na wakazi. Watu wakaichanganya mipango hiyo miwili, na Februari 2023 wakaandamana. Kamera zilihusu gari kupita sehemu fulani kwa saa fulani. Mwenye gari angeweza kuzunguka kwa barabara ya nje na kufika kokote. Mwenda kwa miguu hazikumhusu kabisa. Unaweza kuzipinga kamera hizo kwa hoja nzuri tu, ila pinga kamera.

Nanyi ndugu zangu wa matangazo ya nyumba, andikeni tu "dakika 15 kwa gari". Nyumba itauzika vilevile, na mnunuzi atajua mapema kwamba anahitaji gari.