Nunua bati wakati wa mvua, paua wakati wa baridi

Mvua ya kwanza ya Novemba ikishapiga Mbeya, simu yangu haitulii. "Fundi uko wapi? Njoo uone, maji yanaingia mpaka kitandani." Juni nilipita kwa mtu huyohuyo nikamwambia kofia ya paa lake, lile bati la kufunika mgongo wa juu, imeachia, akanijibu tusubiri kwanza mavuno. Simlaumu, hela ni ya kupanga. Ila kofia aliyoiacha Juni, Novemba atailipia kwa bei ya mtu aliyelowa.

Huu ni mwaka wangu wa 19 kwenye kazi ya kupaua, kuanzia Uyole hadi Mbalizi, na mara mojamoja natelemka Tukuyu na Kyela. Wateja wangu wengi wanaamini bei ya paa ni moja mwaka mzima. Hapana. Inakwenda na mvua, na mavuno, na ada za shule. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja mrefu, Novemba mpaka Aprili au Mei, kisha inakuja baridi ya Juni na Julai, halafu vumbi mpaka Oktoba. Mpunga wa Kyela na Mbarali ukishauzwa, mahindi yakishaingia, kahawa ya Mbozi ikishalipwa, kila mwenye boma anataka kulifunika kabla mvua haijarudi. Agosti hadi Oktoba maduka ya vifaa vya ujenzi pale Mwanjelwa yanafurika na mafundi tunagombaniwa. Muuzaji hakupunguzii hata mia. Apunguze ya nini, na nyuma yako wamesimama wanne wenye hela mkononi?

Januari upepo unageuka. Hela yote imeishia kwenye sare, madaftari na mbolea ya kukuzia. Nje mvua inanyesha na hakuna anayepaua. Mabati yamelala stoo, mwenye duka ana kodi ya pango na rejesho la benki. Hapo ndipo vibao vinapotoka: punguzo, kofia bure, usafiri bure mpaka saiti. Mimi miezi yangu ya kuwanunulia wateja bati ni Februari na Machi.

Februari moja nilikwenda dukani na mama mmoja wa Ilemi. Alitaka kutoa bati lake la zamani, lililoshika kutu kama sufuria ya kijiweni, aweke la rangi. Duka tulilofika lilikuwa na kibao kikubwa: geji 28, punguzo asilimia 10. Mimi natembea na maikromita mfukoni, kile kifaa kidogo cha kubana na kusoma unene. Nikabana ukingo wa bati.

"Kijana, hili geji ngapi?"

"Ishirini na nane, mzee."

"Mbona linasoma sufuri nukta tatu, na hapo nimepima pamoja na rangi?"

Akacheka kidogo. "Hiyo ni ishirini na nane ya kibiashara, mzee."

Wengi hawajui kwamba geji inahesabiwa kinyumenyume: namba ikipanda, bati linakuwa jembamba. Geji 28 ni kama milimita 0.4, geji 30 ni kama 0.3. Kwa hiyo anayekwambia "hii ni 32, kubwa kuliko 28" anakuuzia karatasi. Na ukiongelea geji peke yake unampa muuzaji nafasi ya kucheza, kwa sababu kila mmoja ana tafsiri yake. Uliza milimita, tena milimita za chuma bila rangi, na ziandikwe kwenye risiti. Tazama pia alama ya ubora ya TBS na jina la kiwanda kwenye bati lenyewe. Bati lisilo na maandishi yoyote mimi silipandishi juu ya nyumba ya mtu.

Yule mama anauza ndizi sokoni Soweto na hesabu hazimpigi chenga. Alisimama akatazama kibao, akatazama bati. "Kwa hiyo bei imepungua sehemu moja ya kumi, na bati limepungua robo?" Tukatoka. Duka la tatu tulipata la 0.4 kweli, punguzo lake asilimia 5 tu pamoja na kofia za bure, na hilo ndilo tulilochukua.

Sasa nieleze ubaya wa kununua wakati wa mvua, maana wanaotangaza ofa hawausemi. Bati la Machi utalipandisha Juni. Miezi mitatu hiyo litakaa wapi? Nina haki ya kuuliza kwa sababu mimi mwenyewe, fundi mzima, nilichezea bati langu. Nilinunua 60 za kawaida, za mng'ao, kwa bei iliyonifanya nitembee kwa maringo wiki nzima. Nikazilaza chini ndani ya boma langu lisilo na paa, nikazifunika kwa turubai, nikalibana pembeni kwa matofali upepo usiingie. Juni nilipofunua, kati ya bati na bati kulikuwa na unga mweupe kama wa muhogo. Ile ni kutu ya zinki. Zinki iliyopakwa juu ya chuma inajilinda vizuri ikipata hewa, lakini maji yakinaswa kati ya bati mbili zilizobanana, hewa haipiti, na zinki inaliwa kabla bati halijaona jua. Bati 11 ziliishia kwenye banda la kuku, na maringo yangu yakaishia hapohapo.

Tangu siku hiyo nasisitiza ziwekwe ndani ya chumba kilichofunikwa, juu ya mbao, upande mmoja uinuliwe ili maji yakiingia yateremke yenyewe. Turubai lisibane. Zikifika zimelowa kutoka kwenye gari, zitenganishe uzifute moja moja, ni kazi ya mchana mmoja. Na usiziweke karibu na saruji au chokaa, vumbi lake likipata unyevu linakula zinki. Kama huna chumba, mwombe mwenye duka akutunzie, lakini ulipe yote na upate risiti ya EFD yenye idadi, urefu, rangi na unene. Ule mtindo wa kuweka hela kidogo kidogo dukani kama kibubu unasaidia wengi, siupingi. Tatizo ni pale bei inapopanda katikati na daftari la muuzaji linakumbuka tofauti na la kwako.

Mbao ni habari nyingine kabisa, msimu wake uko kinyume na wa bati. Mbao zetu nyingi zinatoka Mafinga na Njombe, kwenye misitu kama Sao Hill. Wakati wa mvua njia za msituni zinateleza, malori yanakwama, na mbao inayofika Mbeya imekunywa maji. Unalipia mbao na unalipia na mvua iliyomo ndani yake. Halafu ukiipigia kenchi, ile fremu inayobeba paa, ingali mbichi, inakaukia juu, inapinda, na papi, zile mbao za kupigilia bati, zinacheza mpaka misumari inalegea. Mimi mbao nanunua mwishoni mwa Mei au Juni, nazipanga kivulini na vipande vya mbao kati ya safu na safu ili hewa ipite, naziacha wiki tatu, nne. Hata za dawa, zile za kijani, ziache zikauke. Dawa hiyo kwa kawaida ina shaba ndani yake, na shaba mbichi ikigusana na zinki, zinki ndiyo inayoumia. Chungulia pia ncha iliyokatwa: kama ukijani umeishia kwenye ngozi tu na ndani mbao ni nyeupe, hiyo imenawishwa, haijatibiwa.

Lakini ukiniuliza ni wapi nimewaokolea wateja hela nyingi zaidi, sitakutajia ofa yoyote. Ni kuhesabu kabla ya kwenda dukani. Chukua nyumba ya kawaida, paa la pande mbili, urefu wa mita 12, mteremko wa kila upande mita 4.2 pamoja na kibaraza. Bati la migongo midogo likishalaliana linafunika sentimita 75, kwa hiyo kila upande unataka mistari 16, jumla 32. Bati la dukani ni la mita 3. Fundi mvivu atakwambia kila mstari bati mbili: 64. Tuseme bati ni shilingi 30,000 ili hesabu iwe nyepesi. Ni 1,920,000, na punguzo la asilimia 10 linakurudishia 192,000. Unafurahi.

Sasa pima. Bati zima la mita 3 linaanzia chini. La juu linalilalia kwa sentimita 20, kwa hiyo unahitaji kipande cha mita 1.4 tu kufika kwenye kofia. Bati moja la mita 3 linatoa vipande viwili vya namna hiyo na inabaki sentimita 20. Yaani bati tatu zinafunika mistari miwili, na nyumba nzima inakula bati 48. Ni 1,440,000 bila ofa yoyote. Ukiipata na ofa, 1,296,000. Makali uliyoyakata yaelekee juu, yajifiche chini ya kofia. Makali ya kiwandani yabaki chini kwenye maji. Kama unanunua msauzi au bati lingine linalokatwa kiwandani kwa kipimo chako, agiza mita 4.2 moja kwa moja, hakuna kiungo hata kimoja. Ila hakikisha kenchi zimeshasimama ndipo upime. Kenchi za kichwani na kenchi za mbao hazijawahi kulingana.

Maonyesho ya Nane Nane pale uwanja wa John Mwakangale, kuanzia tarehe 1 hadi 8 Agosti, watu wananiuliza sana kama ni mahali pa kununulia. Nenda. Mimi nakwenda kila mwaka kushika bati kwa mkono, kuona rangi juani badala ya kwenye karatasi, na kuwauliza watu wa viwandani maswali ambayo muuza duka hayajui. Lakini Agosti ni msimu wenyewe wa kupaua, na punguzo la Agosti nyingi nilizoziona halifikii la Februari. Ukivutiwa, omba bei kwa maandishi, uliza inadumu mpaka lini, na kama usafiri wa bure unafika mlangoni kwako au unaishia kwenye lami. Nimeona mtu wa kule mlimani anapewa usafiri bure halafu anakodi kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, mara tatu kupandisha mzigo. Na bati la rangi nunua lote kwa mkupuo. Nyekundu ya Februari na nyekundu ya Agosti ni ndugu wa mama tofauti, ukiziweka paa moja hata mpita njia atajua hela iliisha katikati.

Kabla ya yote hayo, hakikisha kweli unahitaji bati jipya. Ingia darini saa sita mchana jua likiwa kali, funga mlango, kaa gizani dakika mbili macho yazoee. Kila tundu litawaka kama nyota. Tia alama ya mkaa papo hapo kwenye papi. Mara nyingi utakuta bati ni zima, kilichoachia ni msumari. Huku kwetu Julai usiku ni baridi ya meno kugongana na mchana jua linachoma, bati linatanuka na kunywea kila siku, na msumari unapanda taratibu mpaka mpira wake unaachana na bati. Misumari mipya yenye mpira, kofia mpya, labda na mfereji wa vale, pale paa mbili zinapokutana, na nyumba inakaa miaka mingine. Kazi hiyo ifanye Juni. Mei na Juni sisi mafundi tunapiga soga vijiweni, hata mimi bei yangu inashuka, na sioni aibu kusema.

Yule mama wa Ilemi tulimpaulia wiki ya pili ya Juni, siku nne. Mbao zilikuwa zimekauka, bati zilikuwa zimekaa miezi minne chumbani kwa mwanawe bila doa. Novemba akanipigia, nikashtuka, nikadhani panavuja.

"Fundi, paa liko sawa. Nimepanga mabeseni matatu chini ya kibaraza na yamejaa kwa nusu saa. Gata bei gani sasa hivi?"

"Mama, subiri Februari."

"Februari mvua si itakuwa imefika nusu?"

"Ndiyo maana zitakuwa na ofa."

Akasonya, akakata simu. Februari alikuja mwenyewe na kipimo kimeandikwa kwenye kipande cha boksi: mita 24, kona hakuna, mabomba ya kushushia mawili.