Upepo wa kusi hautoki kwenye barafu

Dhana: Kusi ina ubaridi kwa sababu inatoka Ncha ya Kusi.

Haitoki mbali hivyo. Chanzo chake ni eneo la mgandamizo mkubwa wa hewa kusini mwa Bahari ya Hindi, upande wa Mauritius na Réunion. Kuanzia Aprili jua likisogea kaskazini, bara la Asia hupata joto, hewa yake hupanda na mgandamizo hushuka. Basi hewa ya kusini hukimbilia huko. Pwani yetu huipata ikitokea kusini-mashariki. Ikivuka ikweta, mzunguko wa dunia huipindisha kulia, ikapita Somalia kwa kasi kubwa na kuingia India kutoka kusini-magharibi, imejaa mvuke. Kwa hiyo kusi inayomfunga mvuvi wa Mafia bandarini mwezi Julai ndiyo hiyohiyo inayopeleka mvua kwenye mashamba ya Wahindi. Mwisho wa mwaka Asia hupoa, kaskazi ikaanza. Majahazi ya Oman yalishuka nayo hadi Unguja, yakarudi kwa kusi.

Dhana: Upepo wa ufukweni ni mmoja mchana na usiku.

Juu ya pepo hizo kubwa hupanda nyingine ndogo za kila siku. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, hewa yake hupanda, na ya baharini huja kujaza nafasi. Usiku nchi hupoa kwanza, na alfajiri umande, yaani upepo wa nchi kavu, huvuma kwenda baharini. Wenye vyombo vya matanga hutoka nao. Ziwa Victoria lina kioja chake: usiku pepo za nchi kavu hutoka pande zote na kukutana ziwani, hewa haina pa kwenda ila juu, ndipo radi hupiga kabla ya mapambazuko. Wavuvi wa dagaa wanaijua vizuri mno.

Dhana: Miti ikitikisika ndiyo huleta upepo.

Hii waachiwe watoto. Miti huupunguza.

Dhana: Vimbunga havifiki Tanzania.

Ni adimu, kwa kuwa karibu na ikweta nguvu ya mzunguko wa dunia ni dhaifu mno kuizungusha hewa. Lakini nchi hii inashuka hadi zaidi ya nyuzi 11 kusini. Lindi ilipigwa Aprili 1952, na Mei 2024 Kimbunga Hidaya kikafika Mafia.