Ajaili kwenye softwea ya ndege: kazi "imeisha" lini?

Watu wakisikia ajaili (kuunda softwea kidogo kidogo, kwa vipindi vifupi) na ndege pamoja wanashtuka, wanadhani tunaandika haraka haraka halafu tutarekebisha ndege ikiwa angani. Mimi hii ndo kazi yangu ya kila siku na naamini ajaili inafaa kabisa, ila neno "imeisha" lazima tulielewe vingine.

DO-178C, ule mwongozo wa softwea za ndege wa 2011 tunaoufuata, haukulazimishi umalize mahitaji yote ndo uanze kuandika programu. Unachodai ni ushahidi. Softwea ya daraja A, ile ambayo ikifeli ndege inaweza kuanguka, ina malengo 71, na 30 kati yake lazima yahakikiwe na mtu mwingine, siyo aliyeifanya hiyo kazi.

Niliwahi kuwa kwenye timu iliyokimbiza sprinti, yaani vipindi vya kazi, za wiki mbili vizuri tu, makaratasi tukayaacha ya mwisho. Mwisho ulipofika tukakaa miezi tunatafuta huu mstari uliandikwa kwa ajili ya hitaji gani, na aliyeuandika kashaondoka zamani.

Siku hizi hapana. Chukua sharti la kufungua rivasi ya injini, ile inayogeuza msukumo ili ndege ipunguze mwendo ikishatua, tuseme: magurudumu yamegusa ardhi, NA leva imevutwa, NA mfumo hauna hitilafu. Kwa daraja A lazima uonyeshe kila sharti peke yake linaweza kugeuza jibu, kwa hiyo testi nne, ya kwanza yote matatu ni kweli, halafu unazima moja moja. Hizo testi, hitaji lake na sahihi ya mkaguzi vyote viingie sprinti ileile, la sivyo kadi ya kazi hiyo haihamii kwenye "imeisha".

Na tukichukua kipande cha programu ya zamani tunakifungulia kadi mpya, hata kama kimefanya kazi miaka kumi. Roketi ya Ulaya, Ariane 5, tarehe 4 Juni 1996 ilibeba programu ya Ariane 4 kama ilivyo, kasi ya mlalo ya roketi mpya ikawa kubwa zaidi, namba ya biti 64 ikalazimishwa kuingia kwenye biti 16 haikuenea, sekunde kama 37 mambo yakaharibika. Kinachoniuma mpaka leo, kile kipande roketi ikisharuka hakikuwa na kazi yoyote kwa Ariane 5, na hakuna aliyekuwa amekipima kwa njia halisi ya roketi hiyo. Kwa hiyo kwenye kadi yetu swali la kwanza ni hilo: kilipimwa kwa namba za ndege gani?