Kugeuza nyaya hakuunguzi spika

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu: ukifunga soketi ya jeki (tundu la kuchomekea waya wa amplifaya) kwenye boksi la spika ukageuza chanya na hasi, spika inaungua. Si kweli. Umeme wa sauti hubadili mwelekeo kila mara, hivyo spika moja hulia vilevile. Zikiwa mbili na moja imegeuzwa, besi hufifia: hii inasukuma hewa, ile inavuta.

Pima mwenyewe. Chomoa boksi kwenye amplifaya, gusisha betri ya volti 1.5 kwenye nyaya mbili za spika mara moja tu. Koni (sehemu ya spika inayotetemeka) ikisogea nje, waya ulioshika chanya ya betri ndio wa kufunga kwenye ncha ya jeki.

Wengi huchanganya na shoti. Nyaya mbili zikigusana ndani ya soketi, amplifaya inaweza kuungua kweli. Hapo kagua sana. Ujumbe ule ukikufikia, tafadhali usiusambaze.